Seti au Vipande? Maneno kwa Mafundi Seremala Kuhusu Jigi ya Kutobolea

(Haya ni maneno ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya mafundi seremala, walimu na wanafunzi wa useremala mjini Malindi. Tunayachapa karibu kama yalivyosemwa, kwa ajili ya mafundi ambao hawakuweza kufika.)



Nimesimama hapa kama mtu wa habari. Randa sijui kuishika vizuri, na wazee hapa mbele wakinicheka nitawaelewa. Kazi yangu ni kuuliza maswali na kuandika majibu. Nilipokuwa nikizunguka kwenye karakana kutayarisha makala ya jarida letu, swali moja lilinirudia kila nilipokwenda. Fundi amepata kazi ya makabati ya jikoni. Mteja anataka milango yenye bawaba za kikombe, zile za kujificha ndani, na rafu za kupandishwa na kushushwa. Matundu ni mengi na yote lazima yakae mahali pake. Fundi anahitaji kielekezi cha kutobolea, yaani jigi. Anakwenda dukani, anaiona imepangwa ndani ya sanduku zuri, anauliza bei, anarudi nyumbani kimya. Halafu mwenzake anamwambia: usinunue seti, nunua vipande kimoja kimoja, ni rahisi zaidi.

Je, ni rahisi zaidi kweli? Niliuliza wengi, nikafanya hesabu, na jibu nililopata ni kwamba mara nyingi ndiyo, lakini kwa fundi anayejua ni kipande kipi kinachobeba kipimo. Asiyejua hilo ataokoa shilingi leo na kuitoa mara mbili wiki ijayo.

Kununua vipande si mtindo mpya pwani hii. Wazee hapa mbele wanaikumbuka keekee ya uta. Waliotengeneza majahazi na milango ya nakshi kuanzia Lamu hadi hapa Malindi walitoboa kwa keekee kabla ya drili ya umeme kufika. Na keekee ile ilikuwa vipande: kijembe cha chuma kinachokata, msukano wa mti unaoshika kijembe, jivu la kushikia juu, na uta wa kuuzungusha. Kijembe kikiisha, fundi hakutupa keekee. Alikwenda kwa mhunzi akafuliwa kijembe kipya. Uta ukikatika kamba, alifunga kamba nyingine mwenyewe. Pesa yake ilikwenda kwa mhunzi, kwenye chuma kinachogusa mti. Mengine aliyachonga mwenyewe chini ya mwembe. Nawaomba mliweke hilo akilini, kwa sababu jigi ya leo inataka akili ile ile.

Tuifungue sasa hiyo seti ya dukani. Ndani kuna reli au bapa la chuma au alumini linalolala juu ya ubao. Kuna bushi, yaani vile vijipete vya chuma kigumu ambavyo biti inapita ndani yake ili isiyumbe. Kuna biti zenyewe. Kuna pete za kuzuia kina, za kufunga kwenye biti ili isitoboe hadi upande wa pili. Kuna kizuizi cha pembeni kinachoshika ukingo wa ubao ili umbali uwe mmoja kila mara. Na kuna sanduku, ambalo nalo umelilipia.

Katika vitu hivyo vyote, kipimo kinakaa mahali pawili tu. Pa kwanza ni pale biti inapokutana na bushi. Pa pili ni umbali kutoka ukingo wa ubao na kutoka tundu moja hadi jingine. Reli inaweza kuwa ya mti mgumu kama mbambakofi, inaweza kuwa bapa la alumini lililobaki kwenye kazi ya madirisha. Sanduku linaweza kuwa kopo la rangi. Lakini bushi ikiwa imelegea, au umbali ukiwa umekosewa, kazi nzima itakuwa imekosewa, na itakosewa kwa usawa kabisa, tundu la kwanza mpaka la mwisho. Jigi mbovu hukosea kwa uaminifu.

Nipite kidogo kwenye vipimo, maana hapa ndipo pesa inapopotea. Makabati haya ya kisasa yanafuata utaratibu uliotoka Ujerumani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ambao mafundi wa Ulaya wanauita mfumo wa 32. Matundu ya rafu yana upana wa milimita 5. Kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine ni milimita 32. Mstari wa kwanza wa matundu unakaa milimita 37 kutoka ukingo wa mbele. Kikombe cha bawaba kina upana wa milimita 35, na kile kibati cha bawaba kinachofungwa ubavuni mwa kabati kina skrubu mbili zilizoachana kwa milimita 32 vilevile. Kwa hivyo fundi mwenye mstari mmoja uliotobolewa vizuri anaweza kufunga rafu na bawaba kwenye mstari huo huo bila kupima tena. Uzuri wote wa mfumo huu ni huo.

Sasa angalia mtego. Jigi nyingi zinazouzwa mtandaoni zimetengenezewa soko la Marekani, ambako wanapima kwa inchi. Pini zao za rafu ni robo inchi, ambayo ni milimita 6.35. Pini utakazopata katika maduka ya vifaa huku kwetu kwa kawaida ni za milimita 5. Mtu ananunua bushi ya robo inchi kwa sababu imeshuka bei, kisha ananunua biti ya milimita 6 kwa sababu ndiyo iliyopo. Biti inaingia. Anafurahi. Lakini inacheza ndani ya bushi kwa zaidi ya theluthi moja ya milimita, na pini ya milimita 5 ikiwekwa kwenye tundu la 6, rafu inatikisika kama jino la mtoto. Kila kipande ni kizima, kila muuzaji alikuwa mkweli, na kazi imeharibika.

Upande wa mambo, yaani vigingi vya kuungia mbao, mtego ni mwembamba zaidi. Biti ya tano kwa kumi na sita ya inchi ni milimita 7.94. Ukiitia katika bushi ya milimita 8 utaona zimeoana, na kwa kweli kwa mambo ya mti tofauti hiyo haikuumizi. Lakini jaribu kinyume chake, biti ya 8 kwenye bushi ya tano kwa kumi na sita, uone kama itaingia, au ikiingia, kama haitaila bushi na kupata moto. Kwa hiyo chagua lugha moja, milimita au inchi, na vipande vyote viongee lugha hiyo. Mimi nashauri milimita, kwa kuwa bawaba na pini zinazouzwa huku ndivyo zilivyo.

Kuna jambo la tatu ambalo halimo kwenye seti wala kwenye matangazo, nalo ni mdomo wa drili yako. Kuna drili ambazo mdomo wake unafunguka hadi milimita 10 na kuna za 13. Biti ya kikombe ya milimita 35 ina shina nene kuliko biti ndogo. Kabla hujalipa, uliza shina lake ni milimita ngapi, na ujue mdomo wa drili yako unafika wapi. Nimekutana na kijana aliyekaa na biti mpya siku kumi akitafuta drili ya kuazima.

Tuje kwenye hesabu, na hapa niwieni radhi nitumie ubao. Bei nitakazotaja ni mfano tu wa kufanyia hesabu, si bei za duka lolote. Tuseme seti ni shilingi 12,000, na ina bushi nne, biti nne za ukubwa tofauti, biti ya kikombe, pete za kina, reli na sanduku. Wewe unatengeneza makabati ya jikoni. Unahitaji tundu la 5 na tundu la 35. Hizo bushi nyingine tatu zitakaa kwenye sanduku mpaka zipate kutu, na kwa upepo wetu wa chumvi hazitachelewa. Basi unanunua bushi moja ya milimita 5 kwa 600. Biti mbili za milimita 5, moja ya akiba, kwa 400 kila moja: 800. Pete ya kina 150. Biti ya kikombe 1,200. Bapa la alumini 500. Fundi wa kukereza chuma akutobolee bapa hilo kwa mashine ya kusimama, matundu yawe 32 kamili, na aikaze bushi: 800. Jumla 4,050. Umeokoa karibu 8,000. Makofi.

Lakini tusimalize makofi. Vitu hivi huvipati duka moja. Tuseme umekwenda Mombasa, kilomita kama 120 kutoka hapa, siku mbili tofauti. Nauli ya kwenda na kurudi weka 1,000, na siku yako ya kazi iliyopotea weka 1,500. Mara mbili ni 5,000. Jumla sasa ni 9,050. Bado umeokoa, lakini karibu 3,000 tu. Na ikiwa bushi ile haikuoana na biti, ukalazimika kurudi mara ya tatu na kununua bushi nyingine, ongeza 2,500 na 600. Umefika 12,150. Umeipita seti, na hata sanduku huna.

Kinachokula akiba ni safari na makosa. Mafundi watatu wakiandika mahitaji yao kwenye karatasi moja na kumtuma mmoja, nauli inagawanyika kwa watatu na siku ya kazi iliyopotea ni moja. Nimeona karakana jirani hapa mjini ambazo zinasalimiana kila asubuhi lakini kila moja inatuma mtu wake Mombasa kivyake. Sijui tunaogopa nini. Mwenzako akijua unanunua biti hajakunyang'anya mteja.

Na yule anayetumwa aende na kalipa ya kupimia, aende na kipande cha ubao, na aende na pini na bawaba zenyewe. Tundu hupimwa kwa pini itakayoingia ndani yake. Muuzaji mzuri atakuruhusu uingize biti ndani ya bushi mbele yake. Ishike wima, izungushe kwa vidole. Iteleze bila kukwama, na isiyumbe ubavuni. Asiyekuruhusu kufanya hivyo, mshukuru na uendelee na safari.

Niongeze neno kuhusu haki yenu, kwa sababu hilo ndilo eneo langu. Ibara ya 46 ya Katiba yetu ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili afaidike nazo. Lakini fikirini kidogo. Ukinunua seti, aliyekuuzia anawajibika kwamba vipande vyake vinaoana, kwa sababu ameviuza kama kitu kimoja. Ukinunua bushi duka hili, biti duka lile na reli ukajitengenezea, kila muuzaji anawajibika kwa kipande chake tu. Kuoana kwao ni jukumu lako. Sehemu ya bei ya seti ni malipo ya jukumu hilo, na ukinunua vipande umelibeba wewe. Ndiyo maana nasema chukua risiti, na mwambie muuzaji aandike kipimo: "bushi, kipenyo cha ndani milimita 5", si "bushi" peke yake. Risiti iliyoandikwa kitu kimoja na bidhaa ikawa kitu kingine ina nguvu ya kurudishia mali. Risiti iliyoandikwa "vifaa" haina la kusema.

Wengine mtanunua kwa mkopo. Mkopo wa kibinafsi wa Hustler Fund, uliozinduliwa Novemba 30, 2022, unaanzia shilingi 500 hadi 50,000, na muda wake wa kulipa ni siku 14. Siku 14 ni muda wa kutosha kwa biti ambayo kesho asubuhi inaingia kazini. Ni mfupi mno kwa seti inayosubiri mteja ambaye hajaonekana. Hapa kununua vipande kuna faida nyingine kabisa mbali na bei: unanunua kile ambacho kazi iliyo mkononi inakilipia. Arbuni ya mteja wa makabati inunue biti ya 35. Kazi ya rafu za duka ikija, inunue bushi ya 5.

Hili si jambo dogo kwa kaunti. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeviweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa serikali za kaunti. Tunafundisha vijana useremala, halafu nyumba za wageni na mahoteli ya pwani yetu zinafungwa makabati yaliyotoka viwandani mbali, yamepakiwa bapa kwenye makasha. Nilimuuliza msimamizi wa nyumba moja kwa nini hakumpa kazi fundi wa hapa. Hakuzungumzia bei. Alinipeleka jikoni akanionyesha milango miwili iliyotengenezwa na fundi wetu, mmoja uko juu ya mwenzake kwa milimita tatu. Mti ulikuwa mzuri, na rangi ilikuwa nzuri. Milimita tatu zile ndizo zilizopeleka kazi ya vyumba vilivyobaki kwingine.

Na ninafahamu zilitoka wapi, kwa sababu baadaye fundi mwingine alinieleza kwa penseli. Ukipima kila tundu kutoka tundu lililotangulia, kosa la nusu milimita linarithiwa. Tundu la kumi na moja, baada ya hatua kumi, linaweza kuwa limehama milimita tano. Jigi huondoa urithi huo, mradi iwe na pini ya kuishikia kwenye tundu lililokwisha kutobolewa au iwe ndefu kiasi cha kutoboa mstari wote kwa mkao mmoja. Kwa hiyo ukijitengenezea reli, usiifanye fupi kwa kubana chuma. Ikiwa makabati yako ya chini yana urefu wa sentimita 72, reli ya sentimita 70 ina thamani kuliko ya 20. Chuma cha ziada ni pesa kidogo, kurithi makosa ni pesa nyingi. Na iandike "juu" upande mmoja kwa rangi isiyofutika. Ukiigeuza kati ya ubavu wa kulia na wa kushoto bila kujua, rafu zitalala kama jahazi lililokwama maji yakitoka.

Wanaotaka kutengeneza reli ya mti, sikilizeni wazee kabla ya kunisikiliza mimi. Mwembe ni mti wetu na ni wa bei nafuu, lakini mvua za masika zikija pamoja na kusi hunywa unyevu na kuvimba. Mbambakofi mkavu utavumilia zaidi. MDF kwa jigi ya kazi moja si mbaya. Kwa jigi ya mwaka mzima hapa pwani, hapana. Na tundu la kwenye mti bila bushi ya chuma litapanuka baada ya matumizi, kwa kuwa biti hukata pande zote, haichagui. Bushi ndiyo mahali pa kutojibana. Ukiwa na pesa ya kununua kitu kimoja tu chenye ubora, nunua bushi ya chuma kilichokomazwa, na biti yenye ncha ya sindano katikati inayoingia humo bila kucheza. Bomba la chuma laini lililokatwa kipande, ambalo nimeliona likitumika, litafanya kazi wiki chache kisha litaanza kusema uongo polepole, na hutajua lilianza lini.

Biti ya 35 ina hatari yake. Kikombe cha bawaba kinataka kina cha karibu milimita 12 au 13, na mlango wa ubao wa 18 unabakiwa na milimita 5 hivi. Hapo usiache pete ya kina nyumbani, wala usitumie alama ya selotepu kwenye biti kama nilivyoona. Selotepu husogea, na tundu likitokea upande wa mbele wa mlango uliopakwa melamini hakuna rangi ya kulificha. Umenunua ubao mpya.

Chuo chenye seti kamili kina jambo moja kinachoweza kufanya kesho, na walimu wamekubali nilisema hapa: kuwaruhusu mafundi wa mtaani kuja na mabapa yao kuyalinganisha na reli ya chuo. Reli moja nzuri inaweza kuzaa nyingine nyingi. Unaifunga juu ya bapa lako kwa klampu, unatoboa kupitia bushi zake, unaondoka na 32 yako bila kununua seti. Mtapanga siku na mwalimu wa useremala, na mje na biti zenu, za chuo ni za wanafunzi.

Hapa mezani kuna bapa la alumini lenye bushi moja, biti mbili za milimita 5 na pini. Moja kati ya biti hizo si ya 5 kamili, na sisemi ni ipi. Wenye kalipa, sogeeni. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waanze, wazee watahukumu, kisha tutachukua maswali.